Je, miguu ya mpira chini ya amplifaya hubadilisha sauti kweli?

#1 Mpenda Santuri (Njiro, Arusha)
Wanajamvi, habari za jioni. Nina swali ambalo limeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Mfumo wangu ni wa kawaida: pleya ya santuri, deki ya CD, amplifaya ya transista yenye uzito wa kilo 12, na spika mbili za kusimama sakafuni. Ukiacha spika, vyote vimekaa juu ya meza moja ya mninga niliyorithi kwa baba. Jirani yangu, mtu ninayemheshimu kwa masikio yake, aliniazima miguu minne ya mpira na chuma ambayo yeye aliinunua kwa shilingi 280,000, akaniambia niiweke chini ya amplifaya ili izuie mtetemo. Niliiweka, nikasikiliza muziki wa dansi wa zamani ambao naufahamu kila pigo lake, na nikasikia gitaa la besi limetulia na sauti ya mwimbaji imesogea mbele.

Nilifurahi sana usiku ule. Kesho yake nikaanza kujiuliza. Amplifaya haina sindano wala kitu kinachozunguka. Ndani ni saketi na transfoma tu. Huo mtetemo unaingilia wapi hadi ufike masikioni mwangu? Naomba mnieleze kwa hoja. Naomba kuwasilisha.

#2 Fundi Kaloleni (Arusha)
Karibu sana, mkuu. Nimekaa na redio zilizofunguliwa mezani kwa zaidi ya miaka 20, na jibu langu ni kwamba tusichanganye vifaa vinne katika swali moja. Pleya ya santuri huathirika na mtetemo, na hilo halina mjadala. Deki ya CD huathirika pale tu mtetemo unapokuwa mkubwa kiasi cha kuifanya iruke. Spika zenyewe ndizo zinazotengeneza mtetemo. Amplifaya ya transista, ikiwa nzima, haisikii chochote.

Nasema ikiwa nzima kwa sababu maalumu. Vifaa vingi tunavyotumia hapa ni vya mtumba na vimesafirishwa mbali, kwa meli na kisha kwa lori. Miguu ya transfoma na soketi za nyuma hupata nyufa ndogo kwenye lehemu, nyufa ambazo huwezi kuziona bila lenzi. Hapo ukigonga meza unasikia mkwaruzo, na ukiweka mpira chini mkwaruzo unapungua. Mteja huondoka akiamini mpira umeboresha sauti, kumbe umeficha ugonjwa. Gonga kifuniko cha amplifaya yako kwa kidole huku sauti ikiwa imefunguliwa bila muziki, kisha utuambie umesikia nini.

#3 Mzee wa Kibosho (Moshi)
Fundi, nakubaliana nawe kuhusu transista, ila usisahau sisi tunaotumia vali, zile chupa za kioo zilizofanya kazi ya transista zamani. Ninayo amplifaya ya vali, na nikiigonga vali ya kwanza kwa penseli, spika hulia "ting" kama glasi. Sababu yake inaeleweka: ndani ya kile kioo kuna waya mwembamba wa gridi uliokaa karibu mno na kathodi, na umbali huo ukibadilika hata kidogo, mkondo wa umeme nao hubadilika. Vali aina ya EF86 ilitengenezwa ikiwa na ujenzi wa ndani ulioimarishwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Kwa hiyo wanaosema kwamba umeme hausikii mtetemo wawe waangalifu, kwa kuwa kwangu unasikia, na siyo jambo la kufikirika.

#4 Mwalimu wa Fizikia (Moshi mjini)
Shikamoo Mzee wa Kibosho. Ahsante kwa mfano huo, maana unatuonyesha kitu cha kutafuta: sehemu ambayo umbo lake likibadilika, umeme nao unabadilika.

Naomba nizungumzie mpira wenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mpira wowote huzuia mtetemo wowote. Amplifaya ikikaa juu ya mpira, mpira hudidimia kidogo kwa uzito, na kiasi hicho cha kudidimia ndicho kinachoamua kila kitu. Ukididimia milimita 1, amplifaya na mpira wake hupata mdundo wao wa asili wa takriban hezi 16, yaani kutikisika mara 16 kwa sekunde. Ukididimia sehemu ya kumi ya milimita, mdundo huo hupanda hadi takriban hezi 50. Kinga huanza pale tu mtetemo unapozidi mdundo huo mara 1.4 hivi. Chini ya hapo mpira hausaidii, na mtetemo ukiangukia kwenye mdundo wenyewe, mpira unauongeza badala ya kuupunguza. Tena mpira ukitikiswa huwa mgumu kuliko unapokuwa umetulia, kwa hiyo hesabu halisi huwa mbaya kuliko nilivyoeleza.

Sasa fikiria vipande vya tairi vya mafundi wa katambuga, ambavyo najua wengi wetu tumevitumia. Ni vigumu sana kwa mzigo wa kilo 12. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi 4 ni takriban hezi 41. Vipande hivyo vinaweza kuifanya amplifaya icheze zaidi mahali hasa ambapo mleta uzi anasema besi imetulia. Kabla ya kuuliza kama mtetemo una madhara, tujue kwanza kama umepungua.

#5 Binti Marangu
Mwalimu, nimekuelewa vizuri, na ninaomba kuongeza mfano wangu. Nyumba ya bibi yangu huku juu ina sakafu ya mbao, iliyoinuliwa kutoka ardhini. Mtoto akipita mbio, sindano huruka kwenye santuri. Nilijaribu vipande vya tairi nikapata matokeo mabaya zaidi, na sasa najua kwa nini. Kilichosaidia ni tyubu ya baiskeli: niliikunja ndani ya boksi la mbao lisilo na kina, nikaijaza upepo nusu, nikaweka ubao mzito juu yake, kisha pleya. Ubao unaelea. Ukiusukuma kwa kidole unayumba polepole, kama mara nne kwa sekunde.

Tatizo ni kwamba upepo hupungua na kila wiki lazima nisawazishe upya kwa pima maji.

#6 Mpenda Santuri
Fundi, nimefanya ulivyoagiza. Nimegonga kifuniko na hakuna mkwaruzo wala mlio wowote. Naamini lehemu ni nzima. Shukrani.

#7 Jirani wa Njiro
Mimi ndiye mwenye ile miguu minne, na ninadhani ni haki nijieleze. Sikuinunua kwa kudanganywa. Niliisikiliza kwa mwezi mzima kabla ya kulipa.

Hoja yangu ni kwamba nyote mnazungumzia mtetemo unaotoka sakafuni, na mmeusahau unaotoka ndani. Umeme wetu ni wa hezi 50. Chuma cha transfoma hurefuka na kufupika mara mbili katika kila wimbi, na ndiyo maana transfoma hunguruma kwa hezi 100. Mtikisiko huo upo ndani ya boksi saa zote, karibu kabisa na saketi inayopokea ishara ndogo. Miguu ile ina chuma kwa juu na mpira kwa chini. Chuma hupokea mtikisiko kutoka kwenye boksi na mpira huugeuza kuwa joto. Nisemapo naisikia tofauti, ninamaanisha hivyo, na mwenye shaka nyumba yangu iko wazi.

#8 Mhandisi Tengeru
Jirani, hoja yako ni nzuri kuliko zote hadi sasa kwa upande wa amplifaya, kwa hiyo nitaijibu kwa uzito wake.

Mwalimu alisema tutafute sehemu ambayo umbo likibadilika umeme unabadilika. Ndani ya saketi za kisasa ipo moja: kapasita ndogo za seramiki zenye bariamu titaneti, zile za daraja la X7R na X5R. Ukizibana hutoa volteji, na ukizipa volteji hutikisika; baadhi ya chaja na kompyuta hulia kwa sababu yake. Kwa hiyo kinadharia njia ipo. Lakini mtengenezaji makini haziweki kwenye njia ya ishara ndogo. Huweka za filamu, au seramiki ya daraja la C0G ambayo haina tabia hiyo. Kwenye amplifaya ya zamani ya transista, kama ninavyodhani ni ya mleta uzi, huenda hata moja usiipate.

Wapo pia wanaosema kwamba mtetemo huharibu saa ya kioo cha kwazi, yaani kile kinachopanga mpigo wa data, ndani ya deki ya CD. Ni kweli kwamba kwazi huhisi mtikisiko, na kipimo cha kawaida ni takriban sehemu 1 katika bilioni kwa kila g moja ya mvuto. Meza ya sebuleni, hata muziki ukiwa juu, hutikisika kwa sehemu chache tu kati ya elfu za g moja. Zidisha mwenyewe: unapata sehemu chache katika trilioni. Sijui sikio la nani linaweza kulipata badiliko hilo.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki. Funga mdomo wa kuingizia ishara wa amplifaya kwa plagi ambayo ncha zake mbili zimeunganishwa pamoja ili ishara yoyote isiingie, rekodi kinachotoka kwa kompyuta, na wakati huo piga muziki kwa nguvu chumbani kwa kutumia redio nyingine. Kama mtetemo unaingia kwenye saketi, muziki huo utaonekana kwenye rekodi. Usipoonekana, basi hauingii.

#9 Mkazi wa Kiboriloni
Nimesoma kwa makini, na ninayo kesi halisi. Nyumba yetu imepakana na mashine ya kusaga. Mota yake huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde. Sakafu ni ya zege na mkono hausikii kitu. Lakini nikiweka santuri, koni za sabufa hupepea ovyo mbele na nyuma hata mahali pasipo na muziki, na mashine ikizimwa saa 12 jioni zinatulia. Deki ya CD kwenye meza hiyo hiyo haijawahi kuonyesha dalili yoyote.

#10 Mwalimu wa Fizikia
Kesi ya Kiboriloni inaeleza kwa nini santuri ina ulimwengu wake. Mawimbi madogo yaliyochongwa kwenye mfereji wa santuri huwa chini ya mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), na sindano haiwezi kujua kama kilichosogea ni ukuta wa mfereji au ni meza. Zaidi ya hapo, tangu utaratibu wa RIAA, chama cha watengenezaji santuri wa Marekani, ulipoanza kutumika mwaka 1954, besi hupunguzwa wakati wa kuchonga na kurudishwa na amplifaya wakati wa kupiga. Karibu na hezi 20 amplifaya huikuza ishara takriban mara 10 kuliko ilivyo kwenye hezi 1,000. Mota ya jirani yako imeangukia hapo hapo.

CD ni tofauti. Njia zake zimeachana kwa mikroni 1.6 na lenzi huzifuata kwa kujisahihisha muda wote. Data husubiri kwenye kumbukumbu kabla ya kutolewa kwa mpigo wa kwazi, na makosa madogo hurekebishwa kwa hesabu. Ndiyo maana ama inapiga sawasawa ama inaruka.

#11 Mzee wa Kibosho
Ndiyo maana wenzetu wa zamani walihangaika na pleya kuliko kitu kingine. Edgar Villchur wa Acoustic Research alitoa pleya yenye springi mwaka 1961, ambayo ungeweza kuigonga kwa nyundo ndogo na sindano isiruke. Wengine wakaenda njia ya uzito, kama Technics na SL-1200 yao ya mwaka 1979.

#12 Fundi Kaloleni
Mzee, kwa heshima zote naomba kurekebisha kidogo: SL-1200 ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Ya mwaka 1979 ni toleo la MK2, ambalo ndilo madijei waliloligeuza kuwa kifaa chao cha kazi.

#13 Mzee wa Kibosho
Umesahihisha vyema, kijana wangu. Nilikuwa nimeishika MK2 kichwani.

#14 Sauti ya Sakina (Arusha)
Tukiwa bado kwenye santuri, nakumbuka Julai 2007, wakati wa ule mfululizo wa matetemeko ya upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai. Nilikuwa nimeketi nasikiliza, sindano ikateleza kutoka ukingoni hadi katikati, na mkwaruzo wake ninao hadi leo kwenye santuri hiyo. Amplifaya iliendelea kunguruma kama kawaida huku taa ya dari ikibembea. Kama kuna mtihani wa mtetemo kwa amplifaya, basi yangu iliufanya.

Lakini nilikuja kusema jambo lingine. Mleta uzi, ulipoweka ile miguu, ulichomoa nyaya?

#15 Mpenda Santuri
Ndiyo, nilichomoa zote, kwa sababu amplifaya ni nzito na nisingeweza kuinyanyua nyaya zikiwa zimeninginia.

#16 Sauti ya Sakina
Basi hapo ndipo ninapoweka shaka yangu. Plagi zilizokaa mwaka mzima bila kuguswa hujenga utando wa kutu na vumbi, na vumbi la Arusha kila mtu analijua. Ukichomoa na kuchomeka upya unausugua utando huo na mguso unakuwa safi. Nimefanya hivyo mara nyingi bila mguu wa mpira wala wa chuma, na sauti ikabadilika, hasa upande mmoja ukiwa ulishaanza kufifia. Vilevile, kama ulisogeza kiti au spika hata kwa upana wa kiganja, besi uliyoisikia si ile ya jana.

#17 Jirani wa Njiro
Kuchomoa nyaya hakuelezi kwa nini miguu ikitolewa sauti inarudi ilivyokuwa. Mimi nimeitoa na kuirudisha mara nyingi.

#18 Fundi Kaloleni
Jirani, nimefikiri kuhusu transfoma yako ya bandiko namba 7, na ninadhani una haki kuhusu chanzo ila si kuhusu njia. Meza ya mninga ni ubao mwepesi wa kuitikia, kama kifua cha gitaa. Transfoma ikinguruma, boksi huitikisa meza, na meza hutoa sauti chumbani kuliko amplifaya yenyewe ingeweza. Ukiweka mpira laini, mnyororo huo unakatika na chumba kinakuwa kimya. Mwimbaji "amesogea mbele" kwa sababu mngurumo uliokuwa nyuma yake umeondoka, na saketi haikuguswa kabisa. Hili nililigundua kwa mteja wa Sakina aliyekuwa analalamika kuhusu mngurumo kwenye spika, kumbe spika zilikuwa zimezimwa.

Mpenda Santuri, weka sikio kwenye meza usiku, muziki ukiwa umezimwa lakini amplifaya ikiwaka.

#19 Mhandisi Tengeru
Naunga mkono, na kuna nyongeza. Transfoma ya duara hunguruma zaidi pale wimbi la umeme linapokuwa halilingani pande zake mbili, kwa mfano kifaa fulani cha joto kwenye laini hiyo kikivuta umeme upande mmoja tu. Kwa hiyo mngurumo unaweza kubadilika kwa saa, na mtu akalaumu au kusifu kitu kingine alichokibadilisha siku hiyo.

#20 Binti Marangu
Kwa nini tusijaribu bila macho? Mtu mmoja abadilishe, mwingine asikilize bila kuona, na matokeo yaandikwe.

#21 Mpenda Santuri
Wanajamvi, nimefanya jaribio Jumapili, na ninawaletea matokeo kama yalivyo. Mwanangu wa kidato cha pili alirusha sarafu kabla ya kila raundi: ikiangukia kichwa aliweka miguu ya mpira, ikiangukia upande wa pili aliweka vipande vya mbao vya kimo kile kile. Nyaya zilirefushwa ili zisichomolewe. Kitambaa kilifunika meza, nami nilikaa sebuleni nikiwa nimeipa kisogo. Tulifanya raundi 16 kwa deki ya CD, wimbo ule ule, sauti haikuguswa. Nilipatia 11.

Usiku nikaweka sikio kwenye meza kama Fundi alivyosema. Mngurumo upo, na kwa miguu ya mpira karibu unapotea.

#22 Mwalimu wa Fizikia
Hongera kwa uvumilivu, na kwa kijana wako pia. Mtu anayebahatisha tu hupata 11 au zaidi kati ya 16 kama mara moja katika kila majaribio 10. Ungepata 12 ingekuwa kama mara moja katika 26. Umesimama mahali ambapo Jirani anaweza kusema umesikia, na Mhandisi anaweza kusema hujasikia, na hakuna kati yao anayekosea.

#23 Jirani wa Njiro
Mimi ninachoona ni kwamba alipatia nyingi kuliko alizokosa.

#24 Fundi Kaloleni
Naomba kuuliza: jaribio lilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi, na zile 11 zilianguka wapi?

#25 Mpenda Santuri
Nimeangalia daftari. Raundi 8 za kwanza zilifanyika kuanzia saa 9 alasiri, na nilipatia 4. Tukapumzika kwa chakula. Raundi 8 za mwisho zilianza saa 2 usiku, barabara ikiwa imetulia, na nilipatia 7.

#26 Fundi Kaloleni
Usiku, chumba kikiwa kimya, ndipo mngurumo wa meza unasikika. Sidhani kama nahitaji kuongeza neno.

#27 Mhandisi Tengeru
Fundi, ninatamani iwe hivyo, lakini hatuwezi kuyagawa matokeo baada ya kuyaona kisha tukadai tulitabiri. Huenda usiku amplifaya ilikuwa imeshapata joto, huenda masikio yalikuwa yameshazoea tofauti, huenda ni bahati. Lifanyike upya, usiku tu, na safari hii amplifaya ihamishiwe kwenye sakafu ya zege badala ya meza. Kama mninga ndiyo unaoimba, tofauti ya miguu itatoweka.

#28 Jirani wa Njiro
Nakubali sharti hilo. Jumamosi nitakuja mwenyewe nikae kwenye kiti badala yake, na kijana arushe sarafu. Binti Marangu, kama unashuka mjini, ninaomba uje na lile boksi lako la tyubu, tulijaribu chini ya amplifaya hiyo hiyo.

#29 Binti Marangu
Nitakuja nalo. Andaeni pampu ya baiskeli, kwa sababu kutoka huku hadi Njiro upepo utakuwa umeshapungua.